Aparei ijipimie, ao wewe upime?

Wewe kijana unayepiga picha za ndoa na ubatizo huku Baraka, Fizi ao Misisi, jiulize: ni wakati gani tuachie aparei kazi yote?

Mara nyingi otomatiki inapima mwangaza tu, watu haiwajue. Inataka kila picha iwe katikati ya weupe na weusi. Mutu akisimama na ziwa Tanganyika linang'aa nyuma yake, aparei inapunguza mwangaza, na sura yake inapotea gizani. Tena robe nyeupe ya bibi-arusi ikijaza picha, inatoka na rangi ya majivu.

Basi, wapiga picha wa kazi wanafanya hivi. Mwangaza ukigeuka mbio, kama maarusi wanatoka kanisani na kuingia juani, wanaachia otomatiki. Mwangaza ukitulia, wanapanga kwa mukono: jua kali bila mawingu, ISO 100, tundu 16, mwendo 1/125 ya segonde. Ziwa likiwa nyuma ya mutu, wanapima mwangaza wa sura, si wa maji.

Kijana, hakuna mutu atakayebatizwa mara ya pili juu ya picha yako. Jizoeze kwanza nyumbani, kwa ndugu zako.