Sura ya Nne: Kazi ya Karamu

Kila anayezungumzia karamu za wakubwa wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 huanza na farasi. Machi 1903, tajiri C. K. G. Billings aliwaalika wanaume wenzake kwenye mgahawa wa Sherry's, New York, wakala chakula cha jioni wakiwa juu ya farasi ndani ya ukumbi wa ghorofani, na shampeni wakaifyonza kwa mirija kutoka mikoba ya matandiko. Picha ya usiku ule ni ya kweli, na imewapotosha wasomaji kwa zaidi ya miaka 100, kwani humfanya mtu aamini kwamba karamu zile zilikuwa upuuzi wa wenye fedha nyingi kuliko akili, usiohusiana na mambo ya umma. Hoja yangu ni kinyume chake. Karamu rasmi ilikuwa chombo cha kazi, na aghalabu zile zilizochosha kwa hotuba ndefu ndizo zilizogusa maisha ya watu wengi.

Mbishi atanijibu kwamba ufujaji wenyewe ulizaa siasa, kisha atataja dansi ya James Hazen Hyde ya 31 Januari 1905, iliyofanyika Sherry's hapo hapo na kupambwa kama kasri la Versailles. Hyde alikuwa mrithi wa hisa zilizotawala kampuni ya bima ya Equitable, na uvumi ukaenea kwamba bili ililipwa kwa fedha za wateja. Mwaka huo huo bunge la jimbo likaanzisha uchunguzi, na wakili wa uchunguzi huo, Charles Evans Hughes, akachaguliwa gavana mwaka 1906. Mfululizo huo unavutia, ila chanzo chake kimekosewa. Hyde alilipa kwa fedha zake mwenyewe, na wachunguzi walichofichua ni fedha za bima zilizokuwa zikimiminwa kwenye vyama vya siasa. Vita vya kuitawala kampuni vilikuwepo tayari. Dansi iliwapa maadui wa Hyde kisingizio tu.

Dhana nyingine haistahili hata aya, ila haifi: kwamba watu 13 wakiketi meza moja, mmoja wao atakufa kabla ya mwaka kwisha. Huko huko New York, tangu miaka ya 1880, kulikuwa na klabu iliyowaketisha wanachama wake 13 kwa kila meza, ikawapitisha chini ya ngazi na kuwamwagia chumvi mezani kwa makusudi. Waliendelea kula mwaka baada ya mwaka. Idadi ya viti haikumuua mtu. Kilichokuwa na uzito ni nani amepewa kiti. Katika karamu nyingi za kisiasa na za biashara, wanawake walipandishwa roshani wasikilize hotuba huku wanaume wakila chini. Na Booker T. Washington alipokula na Rais Theodore Roosevelt Ikulu, 16 Oktoba 1901, magazeti ya Kusini yalilipuka kwa hasira, kwa kuwa Mweusi aliyeketi kama mgeni mezani, badala ya kusimama nyuma yake kama mhudumu, alikuwa ametambuliwa kuwa sawa na mwenyeji.

Baada ya viti, sura hii ilipaswa kupita kwenye hotuba, kisha magazeti, kila kimoja kwa zamu. Lakini karamu za Jaji Gary hazikubali kupitwa haraka. Elbert Gary, aliyewahi kuwa jaji wa kaunti huko Illinois, aliongoza bodi ya U.S. Steel, kampuni iliyoundwa mwaka 1901 kwa mtaji wa zaidi ya dola bilioni moja. Msukosuko wa benki wa Oktoba 1907 ulipokausha oda, desturi ya watengenezaji wa feleji ilikuwa kukatiana bei hadi wadhaifu wafilisike. Gary akawaita washindani wake chakula cha jioni hoteli ya Waldorf-Astoria, 20 Novemba 1907, na karamu kama hiyo ikarudiwa mara kadhaa. Bei zikasimama kwa kiasi kikubwa mwaka 1908, biashara ikiwa imelala.

Kwa nini wale, badala ya kufanya mkutano wa kawaida? Sheria ya Sherman ya mwaka 1890 ilikataza mapatano ya kubana biashara, na mwaka 1899 Mahakama ya Juu ilikuwa imewabana watengenezaji wa mabomba waliogawana soko kwa mkataba. Karamu haina mkataba. Kila mmoja alisimama akaeleza anavyokusudia kuuza, akaketi, hakuna aliyetia saini. Nafasi ya faini iliyoandikwa kwenye mikataba ya zamani ikachukuliwa na aibu: atakayeshusha bei kesho atakutana na macho yale yale kwenye karamu ijayo.

Yupo atakayesema bei zilisimama kwa ukubwa wa U.S. Steel tu, si kwa chakula. Lakini kampuni hiyo ilikuwa na kama nusu tu ya soko, na sehemu yake ilikuwa ikipungua. Serikali ilipoishtaki Oktoba 1911, karamu zikiwa zimeshakoma, kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Machi 1920 iliiachia kampuni kwa kura 4 dhidi ya 3. Wengi wa majaji waliona kwamba ingekuwa na nguvu ya kutawala soko peke yake, isingehitaji msaada wa washindani. Chakula cha Gary kilichodaiwa kuwa ushahidi wa hatia kikageuka utetezi.

Hotuba na magazeti vinabaki na nafasi ndogo, na tukio moja linavibeba vyote viwili. Katika karamu ya klabu ya waandishi ya Gridiron, Washington, Januari 1907, ambako mwiko ulikuwa kutoripoti yanayosemwa, Roosevelt alimvaa Seneta Joseph Foraker mbele ya wageni wote. Foraker alikuwa akiwatetea askari Weusi 167 waliofukuzwa jeshini kwa tuhuma za ufyatuaji risasi wa Brownsville, Texas. Akasimama, akamjibu Rais ana kwa ana, na habari zikavuja. Foraker aliondoka Seneti mwaka 1909. Jeshi lilibatilisha kufukuzwa kwa askari hao mwaka 1972.