Dawa Dukani: Biashara ya Tiba Mpakani Busia na Malaba Mwishoni mwa Ukoloni

Neno dawa, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lina maana pana mno. Mizizi ya mganga ni dawa, vidonge vya hospitali ni dawa, na hata kinachosuguliwa kwenye meno au viatu huitwa jina lilo hilo. Makala haya yanafafanua jinsi upana huo ulivyowafaa wafanyabiashara wa Busia na Malaba katika miaka ya 1940 na 1950, na gharama yake kwa wagonjwa.

Ikumbukwe kwamba sifa za tiba ya kisasa hazikujengwa na maduka. Katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilitibu buba kwa sindano katika sehemu mbalimbali za Kenya, na vidonda sugu vikafunga kwa muda mfupi. Imani kubwa katika tiba ya Kizungu ilitokana na mafanikio hayo. Hata hivyo, zahanati zilikuwa chache, zikiwemo zile zilizogharimiwa na mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa kuanzia 1924. Duka lilikuwa karibu zaidi.

Bidhaa nazo zilikuwa na njia. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilipitia Malaba, ilhali barabara ya kutoka Kisumu ilipitia Busia. Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja chini ya forodha ya pamoja. Mwenye duka, mara nyingi Mhindi, aliuza dawa za maumivu pamoja na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Kiswahili kilimwezesha kuelewana na Mteso, Mkhayo na Msamia kwa pamoja.

Mfano bora ni Aspro. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokata biashara baina ya Ujerumani na himaya ya Uingereza, George Nicholas wa Melbourne alitengeneza aspirini yake mwaka 1915. Miaka miwili baadaye ikapewa jina hilo. Afrika Mashariki, dawa za viwandani zilitangazwa katika magazeti ya Kiswahili kama vile Baraza, lililoanzishwa mwaka 1939. Hapa pana badiliko ambalo wanaisimu hawana budi kulitazama. Kwa mganga, mgonjwa huanza kwa kueleza anavyougua. Dukani alianza kwa kutaja jina la anachotaka, na mazungumzo yakaishia kwenye bei.

Aspirini hushusha homa bila kuua vimelea vya malaria, na Busia, iliyo jirani na Ziwa Victoria, ni eneo la malaria. Mtoto aliyepoa jioni angeweza kuzidiwa alfajiri, siku ya kumfikisha zahanati ikiwa imekwisha kupotea. Muuzaji hakudanganya, maana maumivu yalipungua kweli. Ahadi ya kuponya ilibebwa na neno lenyewe.

Sheria ya famasia na sumu, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1957, iliunda bodi ya kusimamia taaluma hiyo na kudhibiti uuzaji wa dawa zilizoorodheshwa kuwa sumu. Ni ajabu kidogo kwamba sheria iliita sumu kile ambacho mgonjwa alikijua kama dawa tu. Aidha, vidonge vya kawaida vya maumivu vilibaki madukani, kando ya sabuni na chumvi.