Ada Ndogo ya Dirishani na Mgonjwa Aliyebaki Nyumbani

Serikali inapozindua mfumo mpya wa bima ya afya, takwimu ya kwanza kutangazwa huwa idadi ya waliosajiliwa. Ndivyo ilivyo Kenya tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliposhika nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, na Tanzania nayo inajenga mfumo wake chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kwa maoni yangu, takwimu iliyo nzito zaidi ni ile isiyotangazwa: mwenye kadi akishafika kituoni, anabaki kudaiwa shilingi ngapi dirishani? Utafiti wa karibu nusu karne unaonyesha kwamba kiasi hicho, hata kikiwa kidogo, ndicho kinachochagua nani atatibiwa na nani atarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Ushahidi wa kwanza ulio imara ulitoka Marekani. Kati ya 1974 na 1982, taasisi ya RAND iligawa maelfu ya watu kwa kura katika mipango tofauti ya bima. Wapo waliotibiwa bure, na wapo waliolipa robo, nusu, au hata asilimia 95 ya gharama hadi kufikia kikomo cha mwaka. Kura ilikuwa ya lazima, kwa sababu katika maisha ya kawaida anayejikatia bima huenda tayari ni mgonjwa, au ana kipato kikubwa kuliko jirani yake, na hapo huwezi kujua kama tofauti ya afya imeletwa na bima au na hali ya mtu mwenyewe. Waliotakiwa kuchangia zaidi walipunguza matumizi ya huduma kwa takriban theluthi moja, na kwa wastani afya yao haikuzorota. Watetezi wa uchangiaji wameushika wastani huo mpaka leo. Lakini watafiti hao hao waligundua kwamba watu walipunguza huduma zenye manufaa sawasawa na zile zisizo na manufaa. Na kwa maskini wenye presha, waliotibiwa bure walidhibiti presha yao vizuri zaidi. Wastani uliwaficha waliokuwa hatarini.

Hoja inayorudiwa sana katika nchi zetu ni kwamba cha bure hakithaminiwi. Hoja hiyo ilipimwa magharibi mwa Kenya na Jessica Cohen na Pascaline Dupas, ambao walichapisha matokeo yao mwaka 2010. Katika kliniki za wajawazito, vyandarua vyenye dawa vilitolewa bure kwa baadhi na kuuzwa kwa bei za ruzuku kwa wengine. Bei ilipopanda kutoka sifuri hadi takriban senti 60 za dola, idadi ya waliovichukua ilishuka kwa pointi 60 za asilimia, na waliolipa hawakuvitumia zaidi ya waliopewa bure. Kule Busia, ada ndogo iliyowekwa kwenye dawa za minyoo ilipunguza matibabu kwa asilimia 80. Mtu atasema hiyo ni kinga, na kwamba mwenye maumivu hatashindwa kutafuta hela. Ni kweli, atatafuta: atakopa, atauza mbuzi, atasubiri mpaka hali iwe mbaya. Presha na kisukari, kwa upande mwingine, mara nyingi haviumi kwa miaka mingi, kwa hiyo ada ya kliniki ya kila mwezi inakuwa kikwazo kama ile ya chandarua.

Pingamizi lenye uzito zaidi limetoka Oregon. Mwaka 2008 jimbo hilo la Marekani liliendesha bahati nasibu ya nafasi za Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato cha chini. Waliopata bima walikwenda zaidi kwa madaktari, na walikwenda zaidi hata idara ya dharura, kwa karibu asilimia 40. Baada ya takriban miaka miwili, vipimo vya presha, lehemu na sukari havikuonyesha badiliko la kuaminika kitakwimu. Je, fedha zilipotea? Sidhani. Dalili za sonona zilipungua kwa karibu theluthi, na gharama za kufilisi kaya zilikaribia kutoweka. Waliokuwa na presha au sukari ya juu walikuwa wachache mno kwa jaribio la ukubwa ule kutoa jibu la uhakika. Utafiti mkubwa zaidi, uliochapishwa mwaka 2021, ulitumia barua za mamlaka ya kodi ya Marekani, zilizotumwa kwa kura kwa mamilioni ya kaya zilizotozwa faini kwa kukosa bima. Barua ziliongeza wanaojiunga, na vifo vya watu wa miaka 45 hadi 64 vikapungua.

Huduma isiyolipiwa dirishani lazima ilipiwe kwingine, na hapa ndipo hiari inaposhindwa. Mfuko wa Afya ya Jamii wa Tanzania, ulioanzia Igunga mwaka 1996, ulikuwa wa kujiunga kwa hiari, na kwa miaka mingi kaya nyingi zilibaki nje. Rwanda ilifanya bima kuwa ya lazima na serikali ikawalipia maskini kabisa, ndiyo maana ikavuka asilimia 90 ya wananchi. Kenya inamtaka anayejiajiri alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 3,600, au akope ili alipe. Mama mboga anayepata fedha kwa siku anazuiwa mlangoni kabla hata ya kufika dirishani.

Kipimo cha kimataifa kilichotumika kwa miaka mingi kilihesabu kaya zinazotumia zaidi ya asilimia 10 ya matumizi yao kwa matibabu. Aliyeugua akabaki nyumbani kwa kukosa nauli na ada aliingia humo kama mtu asiye na gharama yoyote. Kwa hiyo kila tangazo la idadi ya waliosajiliwa liambatane na majibu ya maswali mawili yanayoweza kuulizwa katika utafiti wowote wa kaya: nani aliugua asiende kutibiwa kwa sababu ya fedha, na mwenye kadi aliyekwenda alilipa nini mfukoni, zikiwemo dawa alizoambiwa akanunue duka la nje.