Kontua za kiwanja

Kontua za kiwanja ni mistari ya mchoro inayounganisha sehemu za kiwanja zenye mwinuko sawa. Wasanifu majengo huzitumia kuamua kimo cha sakafu, njia ya maji ya mvua na kiasi cha udongo wa kukatwa au kujazwa. Siku hizi huchorwa na programu za kompyuta kama Archicad, Revit na SketchUp kutokana na modeli ya kiwanja, yaani umbo la ardhi lenye urefu, upana na kimo.

Asili

Mwaka 1774 wanasayansi walipima mlima Schiehallion huko Uskoti ili kukadiria uzito wa dunia. Mwanahisabati Charles Hutton, aliyefanya hesabu za kazi hiyo, aliunganisha kwa mistari nukta zenye kimo sawa ili kupata umbo la mlima. Programu za leo hufuata wazo hilohilo.

Jinsi zinavyotengenezwa

1. Mpima ardhi hupima nukta nyingi kiwanjani. Kila nukta huwa na namba tatu: mbili za mahali ilipo na moja ya mwinuko.
2. Nukta huingizwa kwenye programu, ambayo huziunganisha kuwa mtandao wa pembetatu. Mtandao huo ndio modeli.
3. Mchoraji huchagua nafasi ya kontua, yaani tofauti ya mwinuko kati ya mstari mmoja na unaofuata, kwa mfano nusu mita.
4. Programu hukata modeli kwa bapa za mlalo kwa nafasi hiyo. Mahali bapa linapokutana na pembetatu ndipo mstari hupita.

Tuseme nukta A ina mwinuko wa mita 1,352.4 na nukta B mita 1,354.0, na umbali kati yake ni mita 16. Kontua ya 1,353 imepanda mita 0.6 kati ya mita 1.6 zote, kwa hiyo hupita mita 6 kutoka A. Hesabu hii huchukulia kwamba mteremko kati ya A na B umenyooka. Kama kuna mtaro katikati na haukupimwa, mchoro hautauonyesha.

Mfano wa Babati

Bagara ni kata ya mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara nchini Tanzania. Mji huo uko karibu na Ziwa Babati, chini ya mlima Kwaraa. Mwaka 1990 ziwa lilifurika na maji yakaingia mjini. Kwenye ardhi ya namna hiyo, tofauti ya nusu mita yaweza kuamua kama nyumba au choo kitafikiwa na maji.

Wachoraji wengi huanza na data ya bure, kama ile iliyokusanywa kwa rada na chombo cha anga Endeavour mnamo Februari 2000. Data hiyo ina nukta moja kwa takriban kila mita 30, na lengo lake la usahihi lilikuwa kosa la mwinuko lisilozidi mita 16 kwa asilimia 90 ya vipimo. Tena rada hurudishwa na mapaa na vilele vya miti. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 chaweza kupata nukta moja tu.

Hata hivyo, programu ikiombwa kontua za nusu mita kutoka data hiyo, itazichora bila onyo. Mistari itakuwa laini na yenye namba, lakini haitaonyesha ardhi halisi. Data hiyo hufaa kuonyesha umbo la bonde au mlima. Haifai kupanga msingi wa nyumba.

Uhakiki

Kabla ya kutumia kontua, hulinganishwa na nukta chache zilizopimwa kiwanjani ambazo hazikutumika kujenga modeli. Huangaliwa pia kama vipimo ni mita au futi, na kama mwinuko umehesabiwa kutoka usawa wa bahari, kwa sababu kimo kinachotolewa na GPS chaweza kutofautiana nao kwa mita nyingi.