Mshale Usiofuma: Istilahi za Ncha Butu katika Uigaji wa Vita vya Kale

Mwezi wa Julai mwaka 1403, katika vita vya Shrewsbury huko Uingereza, mwana wa mfalme aliyeitwa Henry, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 17, alipigwa mshale usoni, kando ya pua. Mti wa mshale ulipovutwa ulitoka peke yake. Chuma cha mbele kilibaki ndani ya mfupa, kina cha inchi 6 hivi. Tabibu John Bradmore alilazimika kubuni chombo maalumu cha kukitolea. Henry akapona, akatawala kwa jina la Henry wa Tano, na mwaka 1415 akashinda vita vya Agincourt.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, kinatukumbusha kwamba mshale si kitu kimoja, bali ni vitu kadhaa vilivyounganishwa, na kwamba kila kimoja kinastahili jina lake. Pili, wako leo maelfu ya watu, hasa Marekani na Ulaya, wanaoigiza vita vya Zama za Kati kwa ajili ya burudani na elimu. Watu hao hupigana mishale hasa, kwa nyuta hasa, huku wakikusudia kwamba jioni kila mmoja arudi kwake na macho yake mawili. Mfasiri wa Kiswahili akikabidhiwa kanuni za mchezo huo, atahitaji istilahi ambazo hazitamdanganya msomaji. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

1. Mchezo wenyewe

Mfano ulio maarufu ni ule wa chama kiitwacho Society for Creative Anachronism, kilichoanza mwaka 1966 mjini Berkeley, California. Mkutano wake mkubwa uitwao Pennsic ulianza mwaka 1972, nao hufanyika katika jimbo la Pennsylvania na kuhudhuriwa na watu zaidi ya 10,000. Panga zao ni za henzirani wala si za chuma, lakini kofia zao ni za chuma cha kweli.

Wapiga mishale wao hawalengi shabaha ya majani, huwalenga watu. Kwa hiyo nguvu ya uta hupunguzwa. Kanuni za chama hicho huweka kikomo cha ratili 30, yaani kilo 13.6 hivi, upote ukivutwa inchi 28. Tulinganishe na nyuta zilizopatikana katika merikebu Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982: wataalamu hukadiria kwamba nyingi kati yake zilihitaji mvuto wa ratili 100 na zaidi. Hata hivyo, kupunguza nguvu peke yake hakutoshi. Mvuto wa kilo 13 nyuma ya ncha kali bado hutoboa jicho. Ndiyo sababu ncha ya mshale hubadilishwa.

2. Maneno tuliyo nayo

Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Tuna uta na upinde. Tuna upote, ambao ni kamba yake. Tuna podo la kuchukulia mishale. Tuna wano, yaani mti wa mshale. Tena tuna chembe na kigumba kwa ile sehemu ya mbele. Tunacho pia kitenzi kufuma, yaani kuchoma kwa mshale au mkuki.

Lakini utajiri wa aina hii una mtego wake. Maneno haya yalizaliwa kwa wawindaji na wapiganaji, na ndani yake mna maana ya kutoboa. Kigumba ni chuma. Kufuma ni kupenyeza. Mfasiri atakayeandika kwamba mchezaji "humfuma" mwenzake ametamka kinyume kabisa cha mchezo, kwani mshale uliofuma ni mshale uliokosea. Twashauri basi vitenzi kupiga na kugonga vitumike katika kanuni za mchezo, na kufuma kiachiwe ajali na historia.

3. Butu si salama

Kivumishi kinachokuja haraka ulimini ni butu. Tunakikubali, ila kwa sharti. Katika matumizi ya kila siku, kisu butu ni kisu kilichoharibika. Butu ni kasoro. Katika mchezo huu butu ni sifa inayotafutwa kwa makusudi. Badiliko hilo la maana si tatizo. Tatizo ni pale mtu anapodhani kwamba butu na salama ni kitu kimoja.

Natutazame hesabu. Ncha bapa yenye kipenyo cha sentimeta 1 ina eneo la sentimeta mraba 0.8 hivi. Ncha yenye kipenyo cha sentimeta 3.2 ina eneo la sentimeta mraba 8. Kwa pigo lile lile, nguvu iliyoangukia sehemu moja sasa imegawanywa katika sehemu kumi. Ncha zote mbili ni butu, lakini ya kwanza huumiza na ya pili husukuma.

Kuna hatari iliyo kubwa zaidi ya hiyo. Kofia za mchezo zina fito mbele ya uso, na nafasi kati ya fito hizo haitakiwi kuzidi inchi 1, yaani milimita 25.4. Ncha ya mpira yenye kipenyo cha milimita 20 ni butu bila shaka yoyote, tena ni laini. Lakini itapita kati ya fito na kulifikia jicho. Ndiyo maana kipimo kinachotumika ni inchi 1 na robo, karibu milimita 32. Katika michezo mingine ya maigizo ambamo wachezaji hawavai kofia kabisa, mlango unaopaswa kuzibwa ni tundu la jicho lenyewe, lenye upana wa sentimeta 4 hivi. Huko ncha hutengenezwa kwa sponji nene, na upana wake hufika sentimeta 5 au kuzidi.

Kanuni inayotokana na haya ni moja: ukubwa wa ncha huamuliwa na tundu ambalo haipaswi kuingia. Usalama basi si sifa ya ncha peke yake. Ni uhusiano kati ya ncha, uta na kofia. Kwa sababu hiyo tunalikataa pendekezo la kuiita "ncha salama". Jina linaloahidi usalama humlaza mtu usingizi, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha.

Tuongeze tofauti ya tatu. Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi hutumia kwa ndege na wanyama wadogo mishale ya mti mtupu iliyochongwa, isiyo na chuma. Mishale hiyo haina kigumba, lakini si butu hata kidogo. Kwa hiyo kukosa chuma, kuwa butu na kuwa salama ni dhana tatu, na kila moja ijitegemee.

4. Jina la kitu chenyewe

Kifaa kinachovikwa mbele ya wano tukiiteje? Tumeyapima majina matatu.

Chembe butu lina asili njema, lakini chembe limekwisha kubeba mizigo mingi: chembe ya mchanga, chembe ya damu, chembe ya moyo. Msomaji asiyeujua mchezo atapotea.

Kigumba butu laeleweka, lakini linaunganisha maneno yanayopingana, kwani kigumba ni cha chuma na ni cha kuchoma. Tena, katika ghala moja ambamo mishale ya shabaha na ya mapambano hukaa pamoja, si busara vitu viwili vyenye matokeo tofauti namna hii vitofautishwe kwa kivumishi tu, ambacho ulimi wenye haraka hukiacha.

Kirungu ndilo tunalolipendelea. Rungu ni silaha yenye kichwa kipana kuliko mpini, nayo hugonga bila kupenya. Umbo na kazi vyote vimo katika neno moja. Atakayesema kwamba rungu nalo huua amesema kweli, na sisi twaona hiyo ni faida: jina linamkumbusha mchezaji kwamba bado anampiga mwenzake. Atakayesema kwamba kirungu ni cha askari, tutamjibu kwamba muktadha utatofautisha. Na palipo na shaka paandikwe kirungu cha mshale.

5. Kuchagua na kukagua

Istilahi zikiwa wazi, maelekezo nayo huwa mafupi. Kirungu kifae kwa mambo manne. Kipana: kisipite katika mwanya wa kofia hata kikisukumwa kwa mkono. Laini bila kulegea: mpira ufinyike, lakini wano lisiweze kuusukuma na kutokeza mbele, katika vile vya sponji huwekwa kisahani kigumu kati ya wano na sponji kwa kusudi hilo. Imara: kisichomoke kikivutwa. Chepesi kiasi: uzito mwingi mbele hufupisha masafa na kuongeza kishindo.

Wano lenyewe, ambalo aghalabu ni la nyuzi za kioo, huzungushiwa utepe ili likivunjika vipande visitawanyike. Na kwa kuwa mshale ukigonga huweza kugeuka na kurudi kinyumenyume, sehemu ya nyuma nayo hupewa kipande kipana kisichopita katika mwanya. Hicho twapendekeza kiitwe kinga ya mkia. Mwisho, kila mshale uliopigwa hukaguliwa kabla ya kupigwa tena, kwa maana mpira hupasuka na wano hufanya ufa usioonekana kwa mbali.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza: kirungu, ncha pana ya mpira au sponji isiyopenya, mshale wa kirungu, mshale uliovikwa ncha hiyo, kigumba, ncha ya chuma tu, wano, mti wa mshale, kinga ya mkia, kizuizi cha nyuma, mwanya wa uso, nafasi kati ya fito za kofia, kupiga mshale, tendo la mchezo, kufuma, kupenya mwilini. Neno salama lisiwe sehemu ya jina lolote, bali liwe hukumu ya mkaguzi baada ya kuushika mshale mkononi.

Huenda msomaji akauliza kama mchezo wa mbali unastahili juhudi hii. Jibu letu ni kwamba istilahi hupimwa mahali ambapo kosa lake lina gharama. Neno likikosewa katika shairi, mshairi hulisahihisha. Likikosewa katika kanuni ya mchezo huu, gharama yake yaweza kuwa jicho la mtu, na jicho halina toleo la pili.