Wakili Aje Darasani, Kisha Arudi

Kitui na Makueni hazina upungufu wa wanasheria wa kujivunia. Kitili Mwendwa wa Kitui ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, mwaka 1968. Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui vilevile, alikalia kiti hicho kuanzia 2011 hadi 2016. Makueni nayo, tangu ugatuzi uanze 2013, imeongozwa na Kivutha Kibwana kisha Mutula Kilonzo Junior, wote wanasheria. Lau umaarufu wa watu wa nyumbani ungetosha kumfunza kijana sheria, mji wa Mtito Andei huko Makueni usingehitaji kutembelewa na wakili yeyote. Hautoshi. Mgeni anayekuja siku ya kutoa zawadi, akahutubia na kupigwa picha, huacha jina lake tu. Kijana anamhitaji wakili wa kuketi naye, wafungue pamoja karatasi zinazoamua maisha ya kwao, kisha arudi muhula ujao aone zilifika wapi.

Karatasi hizo zipo tele. Mji huu uko karibu nusu ya safari ya Nairobi na Mombasa, baina ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu hatambui mpaka wa shamba. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama aliyeorodheshwa humo, na milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Mazao yaliyoharibiwa hufidiwa kwa bei ya soko. Ila kuna kifungu ambacho wengi hawakijui: mkulima ambaye hakuchukua hatua za kutosha kulinda shamba lake hunyimwa fidia. Kwa hiyo picha ya ua uliovunjwa, tarehe ya kuripoti na nakala ya fomu ya madai iliyowekwa nyumbani ni ushahidi. Msichana wa kidato cha tatu aliyefundishwa kuijaza fomu hiyo anaweza kumwandikia nyanya yake dai lisilo na pengo. Ni kweli malipo ya serikali yamekuwa yakikawia mno, na mafunzo hayatajaza hazina. Hata hivyo dai lenye kasoro hukataliwa hata fedha zikiwapo.

Chukua pia vijana wa bodaboda pale stejini. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mwisho wa siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia nje ya muda wa kazi. Kinaongeza kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimruhusu mtu kuwekwa rumande. Asiyelijua hili hutoa kitu kidogo ili arudishiwe pikipiki, na kesho yake hukamatwa tena.

Wapo wanaohofu kwamba mtoto akijua haki zake atakosa adabu. Hamu yao ya kulinda heshima naitambua, lakini hofu hiyo haina msingi. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyopandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, inataja pia wajibu wa mtoto kwa wazazi na jamii yake. Anayefundishwa sheria nzima hukutana na yote mawili. Wengine husema vijana wanataka kazi, si vifungu. Mimi naona kazi na sheria haziachani: kibarua asiyelipwa ujira wake na mwenye kibanda anayedhulumiwa deni wamepoteza kazi yao kwa kukosa mahali pa kudai. Hofu nzito zaidi ni kwamba wakili anatafuta kura au wateja. Katika eneo ambalo sheria imekuwa ngazi ya siasa, shaka hiyo ni halali. Dawa yake ni kuwatumia mawakili wasiogombea chochote, mwalimu akiwemo darasani, na kesi za wanafunzi zielekezwe kwa Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016, badala ya ofisi ya mgeni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Argwings-Kodhek alikuwa wakili Mwafrika wa kwanza Kenya, akawatetea washukiwa wa Mau Mau wakati ambapo Mwafrika mwenzake wa kumsaidia mahakamani hakuwepo. Leo mawakili ni maelfu, na Sheria ya Chama cha Mawakili ya 2014 inakitaka chama hicho kiusaidie umma katika mambo ya sheria. Basi wazungumze na wanafunzi mapema. Kujiunga na shahada ya sheria kunahitaji C+ kwa jumla na B katika Kiingereza au Kiswahili, na wa kuambiwa hilo ni mwanafunzi anayeanza sekondari, angali na miaka ya kuitafuta hiyo B.