Kipimo cha Mapigo: Namba Isiyomwona Golikipa

Je, wajua kwamba kuna programu inayohesabu kila pigo katika michezo ya mtandaoni, na kwamba ukitumia hesabu zake kumsimanga mwenzako unaweza kufungiwa akaunti?

Vijana wa komuni za Katuba na Kenya, hapa Lubumbashi, wanaocheza Free Fire kwenye simu wanalijua jedwali la mwisho wa mechi: nani kaua wangapi, nani kapiga kiasi gani. World of Warcraft, mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2004, huingia ndani zaidi. Kila pigo huandikwa mstari wake katika daftari la mapambano: saa, aliyepiga, mbinu aliyotumia, aliyepigwa, ukubwa wa pigo. Kwa miaka mingi programu-jalizi kama Recount na Details! zilisoma mistari hiyo papo hapo, zikaijumlisha, kisha zikagawa kwa sekunde. Aliyepiga 90,000 kwa dakika moja anaandikiwa 1,500 kwa sekunde.

Mchezaji makini hujifunza hapo. Huona mbinu aliyoisahau na sekunde alizosimama bure.

Lakini kikosi cha watano huwa na mmoja anayebeba mapigo ya adui, mmoja anayeponya na watatu wanaopiga. Hesabu ya uponyaji nayo ipo, ila macho ya wengi hukimbilia mapigo, na huko mponyaji kwa kawaida yuko mkiani. Ndipo matusi huanza.

Mtu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa kosa hilo la kutazama namba moja tu. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, TP Mazembe yetu iliifunga Pachuca 1-0 na Internacional 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Golikipa Robert Kidiaba hakufunga hata bao moja. Ungehesabu mabao tu, ungemwacha benchi.

Watengenezaji wa michezo wameshughulikia tatizo hili la matusi kwa njia tofauti. Kanuni za Final Fantasy XIV, mchezo wa kampuni ya Square Enix ya Japani, zinakataza programu zote za nje, na anayemnyanyasa mwenzake kwa namba hizo huadhibiwa. Wanaopima hupima kimya kimya. Blizzard, wenye World of Warcraft, walitangaza mwaka 2025 kwamba wataweka kipimo ndani ya mchezo wenyewe. Unyanyasaji umekatazwa huko pia. Na hapa kwetu Kongo, Kanuni ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu unyanyasaji kwa njia ya mawasiliano ya kielektroniki.

Basi ukimwona mwenzako chini ya jedwali, uliza kwanza alipewa kazi gani. Huenda ndiye aliyekuponya mara tatu, nawe ukabaki hai ukiongeza namba zako.